Nchinga, si Mchinga

Simu yangu ilizama Machi 2024, asubuhi, pale kwenye kivuko cha Msangamkuu, hapa Mtwara. Hakuna aliyenisukuma wala aliyeniibia. Niliinama kumsaidia mama mmoja kushusha ndoo yake ya pweza, simu niliyokuwa nimeichomeka kifuani ikateleza, ikagonga chuma mara moja, ikaenda. Kijana mmoja wa kivukoni akachungulia maji akasema, "Hiyo dada ishafika Msumbiji." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilijua nimepoteza simu tu.

Laini niliirudisha siku hiyo hiyo. Kwa wakala unaweka kidole, anahakiki namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, unalipa, unaondoka na laini mpya yenye namba ile ile. Jioni nikanunua simu iliyotumika, nikaiwasha, ikaniuliza barua pepe. Nikaandika. Ikaniuliza nywila.

Hapo nikakaa kitandani.

Siwezi kusema nilikuwa nimeisahau, maana mtu husahau kitu alichowahi kukishika. Niliibadilisha mara ya mwisho 2017, nikaiandika mara mbili kama simu ilivyotaka, na tangu siku hiyo simu ndiyo iliyokuwa ikiikumbuka kwa niaba yangu. Hata nilipobadilisha simu, ya zamani na mpya zilielewana zenyewe, mimi nikabonyeza "sawa" tu. Miaka saba nafungua barua zangu kila siku kama mpangaji anayefunguliwa geti na mlinzi, wala hajawahi kuuliza ufunguo uko wapi. Sasa mlinzi kazama.

Kampuni yenye akaunti siitaji. Makosa mengi humu ni yangu, na machache yaliyo yake hayanipi sababu ya kumtangaza mtu. Nilifungua akaunti nyingine ili simu ifanye kazi, nikasema ile ya zamani nitaishughulikia wikiendi. Wikiendi sita zikapita.

Kilichoniamsha ni mvua. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilikuwa kinaelekea Mafia, na sisi wa kusini tukapata mgawo wetu wa upepo na maji. Kule Kilwa barabara ilikatika Somanga, mabasi ya Dar yakakwama huku na huku. Kwangu, Chikongola, hasara ilikuwa ndogo ukiitazama kwa nje. Bati moja la pembeni lilinyanyuka, na maji yakaingia mahali pamoja tu, juu ya sanduku. Ndani ya sanduku mna bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba wa mauziano wa kiwanja changu cha Naliendele, umeandikwa kwa mkono, kwa peni ya wino wa majimaji. Nilipoufungua, maneno yalikuwa yameondoka. Karatasi ilibaki na mawingu ya bluu.

Kiwanja hicho nilikinunua 2012, wakati homa ya gesi imepamba moto na kila aliyekaa kijiweni anakuambia Mtwara itakuwa Dubai. Bei sitaitaja, kuna ndugu wa mume wangu wanasoma. Mzee aliyeniuzia hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mashahidi wanne wakasaini. Mzee kafariki. Mwenyekiti naye kafariki. Mashahidi wawili wamehama, mmoja hataki kesi, na mmoja ni kaka yangu, ambaye mbele ya watu ushahidi wake ni sawa na wangu. Na mwaka huo huo wa 2024, kabla ya mvua, wajukuu wa mzee walikuwa wameanza kusogeza mpaka. Walikuwa wanataka mikorosho mitatu iliyo ukingoni. Baraza la Kata lilikuwa limetupangia siku, na mwenyekiti wake alisema neno moja: mje na maandishi.

Maandishi yalikuwepo. Siku ile ile ya kununua nilipita steshenari kutoa nakala, na kijana wa pale, bila kuombwa, aliniambia, "Dada, hebu nikuskanie ujitumie kwenye barua pepe, karatasi hizi huliwa na mchwa." Nilimlipa shilingi 500 kwa shingo upande. Nakala ilikuwa huko, ndani ya akaunti ambayo mlinzi wake kazama Msangamkuu.

Niseme kazi yangu, maana inahusika. Mimi ni karani wa chama cha msingi. Msimu wa korosho mkulima analeta mzigo, tunapima, anapewa stakabadhi, korosho zinakwenda ghala kuu kusubiri mnada, na malipo yanakuja baadaye kwa jina lililo kwenye stakabadhi. Kila mwaka kuna anayepoteza ile karatasi. Anakuja kanuna, anasema, "Si unanijua mimi, karani?" Na mimi humjibu, namjua, lakini kitabu hakimjui. Nilikuwa nalisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kupoteza kitu.

Basi nikabonyeza pale penye "umesahau nywila?". Mashine ikajibu kwamba itatuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 46.

Laini ya 46 ilikufa Januari 2020. Wanaokumbuka watakumbuka foleni zile: laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, siku ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, halafu wakaanza kuzima. Nilikuwa na laini mbili. Nikasajili moja, ya 46 nikaiacha, nikasema hii siitumii. Kweli sikuwa naitumia kupiga. Kwamba kuna akaunti mahali imeishika namba hiyo kama dhamana, wala halikunipitia kichwani. Na namba ya simu haizikwi. Ikikaa kimya muda wa kutosha, kampuni huirudisha sokoni, anaichukua mwingine.

Nikaipiga.

"Haloo."

"Haloo, habari za saa hizi?"

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Na kadiri nilivyojieleza, ndivyo nilivyozidi kujisikia. Namba hii zamani ilikuwa yangu. Sasa hivi utaingia ujumbe una tarakimu sita. Naomba unisomee tu, halafu sitakusumbua tena. Nilipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya, nasikia kuku na mtoto anayelilia kitu.

"Dada," akasema taratibu, "wewe na wale matapeli wa 'ile pesa tuma kwenye namba hii', mnatofautiana nini?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi sikatai kwamba namba ilikuwa yako," akaendelea. "Tangu nimenunua hii laini napata meseji zako. Mara vikao vya harusi, mara mchango wa msiba, mara chama sijui kimeita kikao cha korosho. Kuna bwana wa kamati ya harusi nilimpigia kabisa, nikamwambia miye siye, akaniambia dada acha kukwepa ahadi." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Lakini tarakimu sikusomei. Redioni wanatuambia kila siku. Kama mkweli utanielewa."

Nikamwambia nimemwelewa. Nikamuuliza yuko wapi, akasema Newala, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba amejuta kunitajia. Akakata.

Nilimchukia kama saa nzima. Halafu hasira ikahama ikaja kwangu, ikageuka kuwa kitu kingine, kibaridi. Kwa miaka kadhaa mwanamke huyo alikuwa ameshika ufunguo wa barua zangu zote, na vya ndani yake: mikataba, nakala ya kitambulisho, barua za mishahara. Angekuwa mtu wa aina nyingine, angehitaji kujua anwani yangu tu. Bahati yangu ni kwamba namba iliangukia kwa mtu asiyesoma tarakimu kwa wageni, na mimi nilikuwa nimekaa namlaani kwa jambo hilo hilo.

Njia ya pili ambayo mashine ilinipa ni barua pepe ya akiba. Hiyo ilikuwa ya mradi mmoja niliofanyia kazi zamani. Mradi ulipoisha, walizima barua pepe zote na kugawana viti. Njia ya tatu haikuwepo.

Jumapili ya 12 Mei nikajaribu tena, ukurasa ukawa haufunguki kabisa. Nikajua tayari, wamenifungia. Kumbe siku hiyo intaneti ilikuwa imekatika karibu nchi nzima, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu. Nilipata nafuu ya ajabu kujua kwamba kwa mara moja tatizo si langu peke yangu.

Nikaenda kwa fundi simu wa sokoni. Nilitarajia atachukua hela yangu, lakini huyu kijana alinikatalia vizuri kuliko wote. "Dada, mimi natoa loki ya simu. Akaunti yako haimo kwenye hii simu, imo kwenye kompyuta zao huko kwao. Atakayekuambia anaingia huko kwa waya huu," akainua waya wa chaji, "mkimbie."

Sikumkimbia. Usiku huo huo nilikuwa nasoma maneno ya mtu Telegram anayejiita mtaalamu wa kurudisha akaunti, mwenye picha ya kompyuta yenye maandishi ya kijani. Alitaka shilingi 40,000. Nikatuma. Baada ya saa mbili akanitumia picha: anwani yangu ya barua pepe, na chini yake mstari umejaa hadi asilimia 80. Imebaki 20, akasema, tuma 60,000 nimalizie. Sijui kwa nini ni zile asilimia zilizonizindua. Nadhani ni kwa sababu ya kazi yangu: mlango wa ghala hufunguliwa au haufunguliwi, hakuna ghala lililofunguliwa asilimia 80. Nikamwambia arudishe hela yangu, akanifungia nisimwandikie tena. Siku chache baadaye nikaanza kupata meseji za ushindi wa bahati nasibu, bila shaka namba yangu alishaigawa. Hizo nilizituma 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Ile 40,000 ilikwenda, na mume wangu hadi leo anajua ilikuwa ya bati.

Baada ya hapo ndipo nilipotulia na kusoma ukurasa wa msaada wa kampuni yenyewe, mstari kwa mstari, bila haraka. Nikausoma kama karani. Na nikajiuliza: mkulima aliyepoteza stakabadhi, huwa namfanyaje? Simfukuzi. Namuuliza ulileta lini. Ulileta kwa gari au kwa baiskeli. Magunia mangapi. Nani alikuwa mbele yako kwenye foleni. Kama majibu yanalandana na kitabu, naanza kulegea, hata kama moja limekosewa. Akijibu "sikumbuki" kila swali, au akarudi mara nne kwa siku kila mara na jibu jipya, nafunga kitabu.

Mashine nayo ndivyo. Ilikuwa inasema, kwa lugha yake ya baridi: tumia kifaa ambacho uliwahi kukitumia kufungulia akaunti hii. Jaribu ukiwa mahali ulipozoea kufungulia. Ukiulizwa nywila, toa hata ya zamani unayoikumbuka, usiruke swali. Na usirudie rudie, kila ukikosea unazidi kushukiwa. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume cha yote. Simu mpya, bando la laini mpya, majaribio ishirini usiku wa manane.

Sasa kifaa gani? Simu iko baharini. Kompyuta ya ofisini iliungua mwaka uliopita, tukanunua nyingine. Nilifikiri siku mbili, na wazo likaja nikiwa nachambua dagaa: wifi yangu wa Lindi. Ana steshenari karibu na stendi. Desemba 2023 tulikwenda Lindi msibani, nikafungua barua pepe kwenye kompyuta yake, simu ikiniidhinishia na mimi nikibonyeza "sawa" tu, kutoa orodha ya malipo ya wakulima. Na wifi yangu, Mungu ambariki, hafuti kitu. Kompyuta yake ina picha za pasipoti za watu tangu 2019. Mara ngapi nimemwambia kwamba ile ni hatari, mteja akisahau kutoka anayefuata anaingia barua zake. Safari hii nilimpigia kumwomba asiguse chochote mpaka nifike.

"Kwani nini wifi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Usisafishe kompyuta."

"Lini nimewahi kuisafisha?"

Ilikuwa Juni. Nikapanda Coaster ya asubuhi, Mikindani, Mnazi Mmoja, nikanunua ming'oko dirishani ya kula njiani, na saa nne hivi tunaiona bahari ya Lindi. Wifi alikuwa amenitengea kiti, amewaambia wateja kompyuta ile ni mbovu.

Nikafungua. Anwani yangu ilijitokeza yenyewe nilipoandika herufi mbili za mwanzo, na hilo tu lilinipa moyo: mahali hapa pananikumbuka. Nikabonyeza "jaribu njia nyingine", na badala ya kunitajia 46, ikaniuliza nywila ya mwisho ninayoikumbuka.

Ya 2017 sikuwa nayo. Lakini ile ya mwanzo kabisa nilikuwa na hakika nayo. Akaunti niliifungua kwenye kafe ya intaneti hapa Mtwara, usiku wa 20 Januari 2009. Tarehe naijua kwa sababu kafe ilikuwa imejaa watu wasiotumia kompyuta hata moja. Walikuja kutazama televisheni ya ukutani, Obama anaapishwa, kwetu ilikuwa kama saa mbili usiku. Mimi nilikuwa nimelipia saa yangu moja na nilikuwa natafuta kazi, nikamng'ang'ania mhudumu anifungulie barua pepe. Alikuwa na jicho moja kwangu na moja kwa Obama. Tarehe ya kuzaliwa akanijazia mwenyewe, 1 Januari 1980, akinizeesha miaka tisa. Ilipofika nywila akaniambia, "Weka neno ambalo mtu wa Dar hawezi kulikisia." Nikaweka kijiji cha bibi yangu, mzaa mama, na mwaka.

Nikaandika mchinga2009. Siyo. Nikaanza kwa herufi kubwa. Siyo. Zote kubwa. Siyo. Nikatenganisha, nikatanguliza mwaka. Mashine ikasema majaribio yamezidi, nirudi baadaye.

"Wifi," akasema mwenyewe, "twende nyumbani ukale."

Tulikula wali na samaki wa nazi, na mimi sionji kitu. Nilikuwa na hakika na kile kijiji kama nilivyo na hakika na jina langu. Saa mbili usiku mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika."

"Basi usije ukarudi Ntwara bila kupita Nchinga kumwona bibi yako. Uko hapo hapo."

Niliweka kijiko chini.

Kwa asiye mtu wa kusini nieleze. Kwetu "m" ikikaa mbele ya konsonanti haikai. Bibi yangu hali mchele, anakula nchele. Hana mtoto, ana ntoto. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitupiga rula kwa hilo, na kazini nikajinyoosha mwenyewe, maana watu wa mabenki na wanunuzi wa korosho wakikusikia unasema "nnunuzi" wanatabasamu. Leo hii nasema Mchinga, naandika Mchinga, hata nikifikiri nafikiri Mchinga. Lakini yule binti wa 2009, miaka 20, kutoka shule moja kwa moja, ambaye jina la kijiji kile hajawahi kuliona limeandikwa popote, aliandika alichokuwa anakisikia kwa bibi yake. Na mashine haijui lafudhi. Inajua herufi.

Sikulala vizuri. Asubuhi wifi alifungua duka mapema kwa ajili yangu. Nikaandika polepole, kidole kimoja, N kubwa: Nchinga2009.

Haikusema hongera. Ilihamia swali la pili tu, kama karani mzuri asiyeonyesha kwamba amekuamini. Akaunti hii uliifungua mwezi gani, mwaka gani? Nikajaza Januari 2009, nikamshukuru Obama. Ikaomba barua pepe ya kunipata, nikaweka ile mpya. Ikasema inapitia maombi yangu, nisubiri, inaweza kuchukua siku kadhaa, na nisijaribu tena katikati.

Siku hiyo nikaenda Mchinga. Bibi sasa haoni vizuri, anakutambua kwa kukushika viganja. Nilimsimulia habari yote, akaisikiliza kama hadithi ya sungura, akaniuliza swali moja.

"Kwa hiyo huko Ulaya wanaijua Nchinga?"

Nikamwambia wanaijua.

Kiungo kilikuja siku ya tatu, niko Mtwara tayari, nimesimama kwenye mzani nahakiki makunjo ya magunia mapya. Nikakaa juu ya magunia hayo hayo nikaweka nywila mpya. Barua zisizosomwa zilikuwa nyingi mno, nusu yake matangazo. Nikatafuta "mkataba", hakuna. "Kiwanja", hakuna. Yule kijana wa steshenari aliskani akaacha jina lililotolewa na mashine, scan0003, na mimi sikuandika neno lolote kwenye barua. Nililipata kwa kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa hadi wiki ile ya 2012.

Picha imekaa mshazari. Pembeni kuna kivuli cha kidole cha kijana akishikilia karatasi. Lakini dole la mzee linaonekana, la zambarau, mistari yote imetoka vizuri, na chini kidogo kuna mchoro wa kiwanja ambao nilikuwa nimeusahau kabisa: mstari wa njia, mstari wa kichaka cha jirani, na kwenye ukingo viduara vitatu, pembeni yake maandishi ya mwenyekiti, "mikorosho 3 ni ya mnunuzi". Nikatoa nakala tano.

Barazani haikuchukua muda. Walipitisha karatasi mkono kwa mkono, na wale wajukuu walilitazama dole la babu yao kwa muda mrefu kuliko walivyoutazama mpaka. Mkubwa wao akaniomba nakala moja akaiweke. Nikampa.

Jioni hiyo nilikaa kwenye mipangilio ya usalama hadi bando likaisha. Nikaweka namba yangu ya sasa. Barua pepe ya akiba nikaweka ya mume wangu, naye nikamlazimisha aweke yangu. Kuna kitu kinaitwa namba za akiba, kumi, kila moja tarakimu nane, za kutumia siku simu haipo. Nikazichapa kwa wino wa unga, ule wa mashine ya fotokopi, hauyeyuki na maji, seti moja iko kwenye kopo la vyeti na nyingine imefichwa mahali ambapo hata hapa siandiki. Nikapiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nikakuta tatu, wakati nilikuwa nafikiri ninayo moja. Na kazini, mkulima akija sasa naanza na swali ambalo zamani sikuwa naliuliza: namba hii ya simu niliyonayo kitabuni, bado ni yako? Msishangae wangapi wanasema hapana.

Nilipofika kwenye mstari wa 46, kabla sijaufuta, nikaunakili pembeni. Nikaandika ujumbe: "Dada, ni yule wa tarakimu sita. Akaunti nimeipata kwa njia nyingine. Namba yako nimeiondoa, hutapata tena ujumbe wangu wa uthibitisho. Asante kwa kunikatalia."

Kimya hadi saa nne usiku. Halafu simu ikalia.

"Haya dada, nashukuru. Samahani, yule kijana wa vikao vya harusi, alioa?"

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Nikamjibu alioa, na wana watoto wawili.

"Alhamdulillah," akaandika. "Nilimtumia elfu tano."